Tuulizane Habari za Mwezi wa Kumi na Tatu

(Hotuba iliyotolewa mbele ya kikundi cha kina mama cha kuweka na kukopa, Majengo, Mombasa)

Bi mwenyekiti, viongozi wa kikundi, mama zangu, dada zangu, na kina baba wachache mliojikalia kule nyuma karibu na mlango kana kwamba mnangoja feri: Assalaam alaykum, na wenzetu wote hamjambo.

Katika barua yenu ya mwaliko mliandika kwamba mngependa nizungumzie programu za kupunguza mwili zinazouzwa, na niseme ipi iliyo bora. Nililifurahia ombi hilo kwa sababu halikuzunguka. Hamkuniomba niwahubirie juu ya unene, wala niwasomee orodha ya vyakula vya kuviacha. Mlisema tu kwamba wamo kati yenu wanaotaka kupungua, wana akiba kidogo ya kutumia, na kila jioni simu zao zinajaa matangazo ya unga, chai, vidonge, jimu na makundi ya mtandaoni, kila moja likiapa kwamba lile jingine ni la uongo.

Jina la programu sitawapa. Nitawapa swali la kumuuliza muuzaji kabla hamjamtumia hata shilingi moja kwa M-Pesa: mwezi wa kumi na tatu nitakuwa nakula nini, na nani atakuwa pamoja nami? Nautaja mwezi huo kwa kusudi. Miezi mitatu ya kwanza karibu kila programu humpunguza mtu, hata ile isiyo na kichwa wala miguu, kwa kuwa mtu aliyelipa fedha zake huwa mwangalifu kwa kila tonge. Picha za kabla na baada hupigwa wakati huo. Kwa wengi, kupungua hufika ukomo karibu na mwezi wa sita, kisha uzito huanza kurudi kidogo kidogo, na hapo mpiga picha hayupo.

Tuanze na programu kongwe kuliko nyingi, kwa sababu historia yake mtaitambua upesi kuliko walivyoitambua Wamarekani wenyewe. Mwaka 1961, katika eneo la Queens jijini New York, mama mmoja wa nyumbani aitwaye Jean Nidetch alikuwa akifuata mpango wa kula aliopewa katika kliniki ya idara ya afya ya jiji. Mpango wenyewe aliufahamu vizuri. Kilichomshinda ni biskuti, ambazo alikuwa akizila kwa kujificha, na pale kliniki hakuwa na mtu wa kumwambia siri hiyo. Basi akawaita marafiki zake sita nyumbani, wanene kama yeye, wakaambiana ukweli. Wiki iliyofuata wakarudi na wengine. Kufikia 1963 mikutano hiyo ilikuwa kampuni, nayo ikaitwa Weight Watchers.

Sasa mama zangu, hicho ni kitu gani kama si chama? Watu wanakutana siku moja ya wiki, mahali pamoja, kila mmoja anapimwa mbele ya mtunza daftari, na anayekosa kuja anaulizwa yuko wapi. Nyinyi mnafanya hivyo hivyo kwa fedha, na naamini hakuna hapa aliyewahi kukosa mchango wake mara mbili bila kupigiwa simu. Huko Marekani kitu hicho kilipewa nembo na ada, kikauzwa dunia nzima.

Je, kinafanya kazi? Kinafanya kazi kiasi, na kiasi hicho mkijue kwa tarakimu. Mwaka 2005 watafiti wa Boston walichapisha matokeo ya watu 160 waliogawanywa kwa kura katika mipango minne: Atkins inayokataza wanga, Ornish inayokataza mafuta, Zone inayotaka uwiano maalumu wa wanga, protini na mafuta, na Weight Watchers. Baada ya mwaka mmoja, wastani wa kupungua katika kila kundi ulikuwa kati ya kilo mbili na kilo tatu na kitu, tofauti baina ya mipango haikuwa ya maana, na katika makundi ya Atkins na Ornish karibu nusu ya watu walikuwa wamekwisha kuacha. Kilichowatofautisha watu ni jinsi kila mmoja alivyoushika mpango aliopewa: aliyeushika sana alipungua sana, uwe wa wanga au wa mafuta. Ningependa mliweke hilo moyoni, kwa maana lina maana moja kwa mnunuzi: mpango usioweza kuushika katika nyumba yako mwenyewe ni mbaya kwako, hata kama umemfaa jirani.

Uchunguzi wa pili nitakaoutaja ulifanywa Birmingham, Uingereza, na kuchapishwa mwaka 2011. Watu 740 waligawanywa, wengine wakapelekwa kwenye makundi ya kulipia, wengine kwa madaktari na wafamasia wa mtaa, na wengine wakapewa tu tikiti za bure za kwenda kufanya mazoezi. Walio katika makundi ya kulipia walipungua kuliko waliohudumiwa na madaktari na wafamasia. Lakini mwaka ulipotimia, ni kundi la Weight Watchers peke yake lililokuwa bado linawapita wale wa tikiti za bure kwa tofauti ya kuhesabika. Nami kama mtumishi wa afya nakiri kwamba matokeo hayo yaliniuma kidogo, kwa sababu yanasema kikao cha wiki cha watu wenye shida moja kilimshinda mtu mwenye koti jeupe na dakika kumi.

Mwaka 2015 ulichapishwa uchambuzi mpana zaidi. Wachambuzi walitazama programu 32 zilizokuwa zikiuzwa Marekani, wakakuta 11 tu ndizo zilizowahi kupimwa kwa majaribio ya kugawanya watu kwa kura. Zilizopimwa kwa mwaka mzima na kuonyesha kitu zilikuwa chache: Weight Watchers iliwapunguza watu angalau asilimia 2.6 zaidi ya wale ambao hawakuwa na programu au waliopewa mafunzo tu, na Jenny Craig, iliyokuwa ikiwauzia wateja vyakula vilivyokwisha kupikwa pamoja na mshauri, angalau asilimia 4.9. Mwanamke wa kilo 90 akizipigia hesabu atapata kilo mbili na theluthi hivi kwa ya kwanza, na karibu kilo nne na nusu kwa ya pili. Kisha atazame tangazo lililobandikwa kwenye nguzo ya stima, linaloahidi kilo kumi kwa siku kumi, ajue anazungumza na mtu wa namna gani.

Msinielewe kwamba kilo nne ni kidogo. Mwaka 2002 Marekani ilitoa matokeo ya mpango mkubwa usio wa biashara, uliohusisha zaidi ya watu 3,000 waliokuwa karibu kuingia katika kisukari. Lengo la waliofundishwa mwenendo mpya lilikuwa kupunguza asilimia saba ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki. Hatari ya kupata kisukari ilipungua kwa asilimia 58. Asilimia saba ya kilo 90 ni kilo sita na kitu. Mtaani hakuna atakayekusimamisha kukuuliza kama unaumwa, lakini kongosho lako litakuwa limetua mzigo. Na katika nchi ambayo utafiti wa kitaifa wa 2014 ulikuta mwanamke mmoja kati ya watatu wa umri wa kuzaa ana uzito uliozidi, mizigo ya namna hiyo ni mingi.

Hiyo Jenny Craig ilianzishwa Australia mwaka 1983, ikahamia Marekani, na mwaka 2023 ikafunga vituo vyake. Mteja aliyezoea kuletewa boksi la chakula aliamka asubuhi boksi halipo, naye hakuwa amefundishwa kupika sahani yake. Weight Watchers nayo imebadilika: ilijiita WW mwaka 2018, mwaka 2023 ikanunua kampuni inayowaunganisha watu na madaktari wa kuwaandikia sindano za kupunguza uzito, na mwezi Mei 2025 ikaenda mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai wake. Mimi sizicheki kampuni hizi. Nataka mwone kwamba mtu aliyejifunza kitu kwenye kikao anakwenda nacho nyumbani kampuni ikifungwa, na mtu aliyenunua boksi anabaki na kartoni.

Huku kwetu, hata hivyo, wengi wenu hamuuziwi kikao. Mnauziwa chai.

Niseme ukweli kwamba nami niliinunua. Ilikuwa wiki moja kabla ya harusi ya mdogo wangu, gauni limeshashonwa na halifungi, nami nilikuwa nimekwisha kusomea mambo ya lishe, kwa hiyo sina la kujitetea. Asubuhi ya kwanza nilipima kwa yule kijana mwenye mizani pale kivukoni Likoni, shilingi kumi, akasoma 84. Siku ya nne akasoma 82. Nilivuka feri nikitabasamu peke yangu. Siku ya harusi, wakati wa kumpamba bibi harusi, macho yakaingia kiza nikakalishwa kitini na kupepewa kwa mkeka wa mkono, na shangazi mmoja akaanza kuuliza kwa sauti kama nina habari njema. Jumatatu, baada ya pilau na maji ya kutosha, kijana wa kivukoni akasoma 84 na nusu.

Niliporudi nyumbani nilisoma kile kipakiti kwa makini, jambo ambalo nilipaswa kulifanya dukani. Jani la kwanza katika orodha lilikuwa sanamaki, limeandikwa kwa jina la kigeni. Bibi zetu wote walikuwa nayo kabatini, na hakuna hata mmoja aliyedai kwamba inapunguza mwili. Ilikuwa dawa ya tumbo lililofunga, siku moja mbili basi. Sanamaki huusukuma utumbo mpana, na chakula kinapofika huko mwili umeshachukua karibu nguvu zake zote kule juu katika utumbo mwembamba. Kinachotoka ni maji pamoja na chumvi za mwili kama potasiamu, ambayo moyo unaihitaji ili upige sawasawa. Mafuta ya kiunoni hayakuguswa. Kilo zangu mbili zilikuwa ndoo ndogo ya maji.

Na hiyo ni chai ya kweli, iliyoandika kilichomo. Zipo chai na vidonge vinavyojiita vya mitishamba ambavyo wakaguzi wa nchi mbalimbali wamevipima na kukuta vimetiwa sibutramine, dawa iliyoondolewa katika masoko ya Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu iliongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi kwa wagonjwa wa moyo. Ukinywa kitu cha mitishamba, moyo ukaenda mbio, kinywa kikakauka na usingizi ukakupotea, acha siku hiyo hiyo na uende hospitali ukiwa na kipakiti chenyewe mkononi.

Unga wa kunywa badala ya mlo ni habari nyingine, nami sitautupa wote baharini. Uingereza, mwaka 2017, yalichapishwa matokeo ya watu 306 wenye kisukari, na kati ya waliopewa mpango ulioanza kwa unga wa namna hiyo, asilimia 46 waliishi bila kisukari na bila dawa zake mwaka ulipotimia. Muuzaji anaweza kukutajia hilo, naye atakuwa amesema kweli nusu. Nusu ya pili ni kwamba dawa zao zilisimamishwa na wahudumu wa afya, unga ulidumu miezi mitatu hadi mitano tu, kisha chakula cha kawaida kikarudishwa hatua kwa hatua, na watu wakaonana na muuguzi au mtaalamu wa lishe kila mwezi. Huku kwetu mkebe unauzwa, na muuguzi hauzwi pamoja nao. Tena upige hesabu ya mkebe: kama nyuma umeandikwa vipimo 30, nawe umeambiwa unywe mara mbili kwa siku, umekwisha siku ya kumi na tano, kwa hiyo bei uliyotajiwa ni ya nusu mwezi.

Mwulize pia huyo anayekushauri analipwaje. Katika biashara zinazouza kupitia marafiki, mshauri hupata kwa kila mkebe unaonunua, na hupata zaidi akikuingiza nawe uuze. Mwaka 2016 Herbalife ilikubali kulipa dola milioni 200 nchini Marekani na kubadili mfumo wake, baada ya tume ya biashara ya huko kulalamika kwamba watu walidanganywa kuhusu mapato ya kuuza. Shoga yako anaweza kukupenda kwa dhati na bado akawa mtu asiyefaa kukuambia kama unauhitaji mkebe wa tatu.

Sasa nije kwenye sinia, maana ndipo programu nyingi za kutoka nje zinapokwama. Zimetungwa kwa mtu anayekula peke yake, sahani yake mbele yake, kutoka kwenye pakiti yenye hesabu ya kalori. Nyumba ya kwetu inakula sinia moja: wali wa nazi katikati, mchuzi wa samaki umemwagwa juu, mikono minne au mitano. Nani anajua amekula kiasi gani? Na wali umetiwa kasimele, yaani tui zito la kwanza, au tui la pili? Wali ni ule ule kwa jina, lakini tofauti ya mafuta ni kubwa, na programu ya simu haikuulizi. Mteja wangu mmoja alikuwa akiandika kila kitu kwa uaminifu mwezi mzima na hapungui. Nilipomtembelea nikaona anapakua haki yake, kisha anamaliza kwa mkono yale waliyoyaacha watoto pembeni mwa sinia, na hayo hayaandiki kwa sababu moyoni mwake hayo si kula, ni kuchukia israfu. Tulichofanya ni kumtolea chake kwenye sahani kabla sinia halijatandikwa, nusu ya sahani mchicha au kachumbari, na wali ngumi moja. Yaliyobaki pembeni yakawa ya kuku.

Kwa hiyo muulizeni muuzaji: sinia nitalifanyaje? Mahamri na mbaazi za asubuhi nitazifanyaje? Na Ramadhani? Programu ya milo mitano kwa siku inakufa siku ya kwanza ya mwezi mtukufu, na nimeona watu wakifunga kutwa na bado wakaongeza kilo, kwa kuwa futari ilikuwa kaimati, viazi karai, sambusa na jagi la juisi lenye sukari, kisha daku. Anayekujibu kwamba Ramadhani usimamishe halafu uanze upya, amekuambia bila kujua kwamba programu yake haina mwezi wa kumi na tatu.

Sindano nitazigusa kwa ufupi. Semaglutide ni dawa ya kweli; iliidhinishwa Marekani mwaka 2021 kwa ajili ya unene, na katika jaribio lake kubwa watu walipungua wastani wa karibu asilimia 15 kwa wiki 68. Walioiacha walirudisha takriban theluthi mbili ya walichopunguza ndani ya mwaka mmoja. Ni dawa ya kuandikiwa na daktari na kuchukuliwa katika duka la dawa lenye leseni, kwani mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo juu ya sindano bandia. Anayekuuzia kutoka kwenye mkoba wake, mshukuru na umpite.

Wapo wasiofaa kununua programu yoyote kabla ya kumwona daktari: mjamzito, anayenyonyesha, mtoto, na hasa mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, kwa sababu akikata chakula ghafla na dawa ikabaki ile ile, sukari yake inaweza kushuka mpaka akazimia. Wa shinikizo la damu naye dawa zake huenda zikahitaji kupunguzwa anavyopungua. Na anayejiita mtaalamu wa lishe aulizwe nambari yake ya usajili. Taaluma hii ina sheria tangu 2007 na taasisi inayosajili, KNDI, kwa hiyo swali hilo si utovu wa adabu.

Kabla ya kikao, bibi mmoja alinivuta kando akaniambia anazo shilingi elfu sita, ampe nani. Nilimwambia kwanza apime sukari na presha, kisha aonane mara moja na mtaalamu wa lishe wa hospitali ya serikali, akiwa ameandika alichokula siku saba, na makombo ya sinia yamo. Anunue mizani ya nyumbani, apime siku moja kwa wiki, wakati ule ule. Kupungua nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki kunatosha, na wiki nyingine hakutakuwapo. Akiwa bado anataka programu ya kulipia, achague yenye kikao cha kila wiki na watu anaowajua, iliyoandika kwenye karatasi bei yote na jinsi ya kujitoa, na alipe mwezi mmoja mmoja. Na mkikubaliana hapa kwamba daftari la mchango liongezwe safu moja ya uzito kwa wanaotaka, mtakuwa mmeshapata sehemu ile iliyofanya kazi Birmingham, na ada yake mnaijua.

Nimekuja na mizani na futi ya fundi cherehani. Asiyetaka kupimwa mbele za watu atanikuta chumba cha pili, na nitakuwapo mpaka adhana ya alasiri. Kina baba wa mlangoni, nanyi pia.